Kutia Gesi si Kutengeneza



Tunataka kusema juu ya kazi ya mashine za baridi za majumbani. Vitabuni huitwa kiyoyozi, lakini fundi na mwenye nyumba wote wawili huita esi, nasi tutaita hivyo hivyo. Labda wengine watauliza, karatasi ya watu wa reli ina shauri gani na esi za nyumba za watu? Shauri liko, tena ni la mshahara na la jina la fundi.

Sisi tuandikao ni mafundi wa umeme na baridi hapa Mombasa. Baridi imeingia katika reli kwa nguvu. Tangu 2017 abiria wa reli mpya ya Mombasa na Nairobi husafiri katika mabehewa yenye mashine za baridi, na esi ziko maofisini, ziko katika vyumba vya mitambo isiyotaka joto, ziko pia katika nyumba wanazokaa wakubwa. Kazi ya nyumba hizo wengi wetu tuliifanya kwa mikono yetu. Siku hizi imepewa kontrakta, na kontrakta huyo hutengeneza vile vile nyumba za watu wengine kisiwani na ng'ambo ya daraja. Baadhi ya wenzetu wamehamia kwake. Wengine huitwa naye Jumamosi na siku za mapumziko, kwa malipo ya kila nyumba. Jina lake hatulitaji, kwa sababu tabia tutakayoisema si yake peke yake.

Tabia yenyewe ni hii. Asubuhi fundi hupewa kadi 7. Kila kadi ni nyumba moja, na kila nyumba imepimiwa dakika 45, barabara ndani yake. Fundi akimaliza nyumba 7 analipwa 7. Akimaliza 4 analipwa 4, na karani anamwuliza mbona alilala. Na nyumba ikirudi, yaani mwenye nyumba akipiga simu tena kwa mashine ile ile kabla ya siku 30 kupita, fundi wa kwanza hukatwa malipo ya nyumba hiyo. Mashine ikifa kabisa, hukatwa bei ya kilichokufa.

Basi angalieni mtego ulivyotegwa. Fundi hapewi saa ya kutafuta ugonjwa, halafu anatozwa kwa kuwa ugonjwa haukupatikana.

Katika dakika 45 fundi atafanya nini? Atapanda ngazi, atafunga geji kwenye bomba nene, ataona mshale uko chini, atafungua mtungi. Gesi itaingia, bomba litapata jasho, mwenye nyumba ataweka mkono mbele ya mashine na kusema aa, sasa ni baridi. Kadi itaandikwa "Gesi kidogo, imeongezwa". Kadi za namna hiyo tumezisoma nyingi. Hazina volti, hazina ampea, hazina joto la hewa, hazina hata hesabu ya gesi iliyotiwa. Ni maneno matatu na sahihi.

Hapa tuseme jambo ambalo kila fundi wa baridi alifundishwa siku ya kwanza, na ambalo dakika 45 zinamsahaulisha. Gesi ya esi haiishi kama mafuta ya taa katika kandili. Mashine haili gesi. Imefungwa ndani ya mabomba, inazunguka. Kompresa inaisukuma nje ya nyumba, inatoa joto lake kwenye kondensa na kugeuka maji, inapita kwenye tundu jembamba, inaingia ndani ya nyumba ikiwa baridi, inanyonya joto la chumba na kuwa mvuke, kisha inarudi kwa kompresa. Gesi ile ile iliyotiwa kiwandani yaweza kuzunguka miaka 15. Ikipungua, kuna tundu mahali. Fundi asemaye gesi imepungua asiseme na tundu liko wapi, hajamaliza kusema.

Na si kila mara mshale ulio chini maana yake gesi imepungua. Hilo ndilo limewagharimu wenzetu. Gesi iliyo ndani ya nyumba inataka hewa ya joto ipite juu ya mabomba yake ili igeuke mvuke. Hewa ikizuiwa na vumbi, gesi inakosa joto, inabaki baridi mno, mshale unashuka, na barafu inashika bomba. Ukitazama geji peke yake utaapa kwamba gesi ni kidogo. Ukiongeza, mshale unapanda, na kwa siku chache mambo yanaonekana mema. Lakini sasa mashine ina gesi nyingi kuliko kiasi chake, na ile isiyopata joto la kutosha inarudi kwa kompresa ikiwa bado ni maji. Kompresa imeumbwa kusukuma mvuke. Maji yakiifikia huosha mafuta yake na kuvunja vali zake. Haifi siku hiyo. Hufa baada ya wiki kadhaa, mikononi mwa fundi mwingine aliyekuja kwa jambo jingine.

Tutatoa mfano mmoja, maana maneno matupu hayatoshi. Katika nyumba moja ng'ambo ya daraja kulikuwa na esi ya BTU 18,000, ya kawaida, yenye gesi ya R410A. Lalamiko lilikuwa kwamba usiku haipozi. Fundi wa kwanza alikwenda saa nne asubuhi akatia gesi. Baada ya siku 12 wakapiga simu. Wa pili naye akaenda mchana, akatia gesi. Baada ya siku 9 simu ya tatu, na safari hii mwenye nyumba alikuwa na maneno makali. Akatumwa ndugu yetu mmoja, mwanachama wa tawi hili, akafika saa kumi jioni.

Huyu ndugu hakutoa geji katika begi. Alianza na maswali. Baba mwenye nyumba hakujua zaidi ya kusema haipozi. Aliyejua ni dada afanyaye kazi mle nyumbani. Yeye ndiye aliyesema kwamba asubuhi kuna barafu kwenye bomba, kwamba maji hudondoka ukutani, kwamba mashine hunguruma kwa nje karibu saa moja usiku kisha hukata, na kwamba jirani alikuwa akijenga na vumbi la saruji liliingia miezi miwili mizima. Filta alikuwa akiiosha mwenyewe kila Jumamosi. Ndugu zangu, wafanya kazi wa nyumbani ni wafanya kazi wenzetu, wana chama chao cha KUDHEIHA, na wao ndio wakaao na mashine mchana kutwa. Fundi anayempita dada mlangoni bila kumwuliza amepita nusu ya kazi yake.

Filta kweli ilikuwa safi. Fundi mwenye haraka angeona filta safi akasema hewa inapita. Ndugu yetu alimulika taa nyuma yake, akaona ile feni ndefu ya mviringo imejaa tope kavu katikati ya kila ubawa. Feni inazunguka, sauti iko, upepo haupo. Akaifungua, akaiosha pamoja na mabomba ya ndani na njia ya maji. Hapo tu ndipo alipofunga geji. Mshale ambao wenzake waliukuta chini ulipanda kupita kiasi, na ampea zilikuwa 9.1 wakati kibati cha mashine kinasema 7.6. Kwa hiyo gesi haikuwa kidogo, ilikuwa imezidi.

Angeweza kupunguza kidogo hewani na kwenda zake. Alipiga simu kuomba mashine ya kuvuta gesi. Ilikuwako moja tu kwa mafundi wote, akaingoja dakika 50. Akaivuta gesi yote, akaipima kwa mizani, ikawa gramu 1,410. Kibati kinataka 1,050. Hivyo wenzake wawili walikuwa wametia gramu 360 katika mashine iliyokuwa nzima, na mizani haikuonyesha dalili yoyote ya tundu. Alipoirudisha kwa kipimo chake baada ya kuvuta hewa yote kwa pampu, mashine ikatulia.

Wengine wangefunga begi hapo. Ugonjwa umepatikana, hewa ni baridi. Lakini dada alikuwa amesema mashine hunguruma karibu saa moja usiku na kukata, na tope la feni halielezi jambo hilo. Ndugu yetu akazima umeme, akatoa chaji ya kapasita ya nje, akaipima. Imeandikwa 45, ikasoma 36. Kapasita dhaifu namna hiyo huweza kuwasha kompresa mchana wakati umeme ni mzuri. Alipofika alipima volti 238. Saa kumi na mbili na nusu, majirani wamerudi, majiko na taa zimewashwa, alipima tena pale pale akakuta 208. Kapasita iliyochoka na umeme uliolegea, kila kimoja peke yake kingevumilika. Vikikutana, kompresa inanguruma bila kuzunguka mpaka kinga yake ikate. Akabadili kapasita, akamshauri mwenye nyumba aweke kilinda umeme chenye kuchelewesha kuwasha, maana kompresa iliyozimika yataka kama dakika 3 kabla ya kuwashwa tena. Akaiwasha mbele ya watu wa nyumba, ikashika.

Mafundi wawili waliomtangulia walikuja asubuhi na mchana. Wasingeweza kuona ugonjwa wa usiku hata wangekaa saa nzima kwenye geji.

Kazi hiyo ilichukua saa 2 na dakika 40. Nyumba ile haijapiga simu tena. Na ndugu yetu alipata barua ya onyo kwa kuchelewesha kadi tatu zilizobaki.

Barua hiyo tumeishika mikononi. Inasema kwamba fundi "alitumia muda usiohitajika". Tunamwuliza aliyeiandika, zile safari mbili za kwanza, petroli yake, gesi yake, na kelele za mwenye nyumba, ziliandikwa wapi? Katika hesabu za karani safari hizo mbili ni kazi mbili zilizokwisha, na ile ya tatu, iliyotengeneza, ndiyo hasara. Hesabu ya namna hii yaweza kumfilisi tajiri naye asijue, na hilo ni shauri lake. Letu ni kwamba anatufilisi sisi kwanza.

Katika reli jambo hili si geni. Wazee wetu waliofanya kazi zamani za mvuke walijua habari za ekseli kupata moto. Gari likiingia stesheni na moshi katika boksi la mafuta, aliyekuwa na haraka alimimina mafuta, moshi ukapoa, gari likaenda. Likafika stesheni ya pili, au halikufika. Mtu wa reli aliyefundishwa alifungua boksi atazame shaba ya ndani imeliwa au la. Na yule mwenye nyundo aliyepita akigonga magurudumu, mmoja mmoja, hata yale yaliyoonekana mazima, hakuna aliyemwambia agonge manne tu kwa sababu treni imechelewa. Dereva aliandika lalamiko katika kitabu, fundi akaandika alichokiona na alichokifanya, na fundi wa zamu ya pili akasoma. Tabia hiyo tuliirithi. Kwa nini tuiache tukivuka lango la karakana kwenda nyumba ya mtu?

Sasa tuseme kazi kamili ikoje, ili mtu asidhani tunataka saa za bure. Fundi aulize kwanza: lini, saa ngapi, ilianza baada ya nini. Kisha atazame bila kufungua kitu, ndani na nje. Hapa pwani chumvi hula mapezi ya kondensa mpaka yanapukutika kama majani makavu, na mashine ya nje iliyobanwa ukutani hunyonya joto lake yenyewe. Atazame bodi na kontakta. Mara nyingi utamkuta mjusi kafiri amekufa kati ya nyaya mbili, au sisimizi wamejenga, na fyuzi iliyokatika haikukatika kwa hiari yake. Apime volti mashine ikiwa inakwenda, maana volti za mashine iliyolala hazisemi kitu. Akaze ncha za nyaya. Apime kapasita baada ya kutoa chaji. Asome ampea na kuzilinganisha na kibati. Apime joto la hewa inayoingia na inayotoka. Mashine nzima kwa kawaida hushusha digrii kama 8 hadi 12. Geji ije mwisho. Kila ukifunga geji gesi kidogo inapotea na uchafu unaweza kuingia, na katika mashine za inveta, ambazo kompresa yake hubadili mwendo wenyewe, mshale peke yake hudanganya zaidi kuliko zamani. Mshale usomwe pamoja na joto la bomba.

Kama baada ya hayo gesi ni kidogo kweli, tundu litafutwe. Mafuta kwenye maungio ni dalili, povu la sabuni ni shahidi, na bomba likihitaji kujazwa litajazwa naitrojeni. Tunasema naitrojeni, wala si oksijeni. Oksijeni yenye kani ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na haimwulizi mtu ana daraja gani la NITA. Bado tunasikia vijana wakiazima mtungi wa mchomaji kwa sababu wa naitrojeni haukuwako garini. Anayewatuma bila mtungi ndiye wa kuulizwa.

Gesi zenyewe zimebadilika pia. Kwa Mapatano ya Montreal ya 1987 gesi ya R22 inaondolewa, na kwa nchi kama zetu mwaka 2030 ndio mwisho wake, isipokuwa masalio madogo ya kutengenezea mashine zilizopo. R410A iliyoshika mahali pake haitoboi lile tabaka la ozoni, lakini ikitoka hewani kilo moja hupasha dunia joto kama kilo 2,088 za hewa ya ukaa. Kwa sababu hiyo katika 2016 mataifa yalikutana Kigali na kukubaliana kuzipunguza hizo nazo. Sasa mashine mpya nyingi zinakuja na R32, ambayo hesabu yake ni 675, na nyingine na R290, ambayo ni propani. R32 inaweza kushika moto, si kwa wepesi, na R290 inashika kwa wepesi sana. Fundi wa dakika 45, mwenye mazoea ya kufungua mtungi kwanza na kufikiri baadaye, akikutana na mashine hizo katika chumba kilichofungwa, ni yeye na watu wa nyumba walio hatarini. Hapo zamani kutia gesi ovyo kulikula kompresa tu.

Kuna wanachama watatupinga, nao tumewasikia kwenye kibanda cha chai. Wa kwanza husema: tukitengeneza kila kitu mara moja, simu zitapungua na kazi itakwisha. Hatuoni hivyo. Simu ya pili hailipwi, hukatwa. Na joto la Mombasa mwezi wa Februari litaleta nyumba za kutosha. Wa pili husema: mwenye nyumba hataki habari za kapasita, anataka baridi. Kweli, lakini anataka baridi ya usiku wa leo na wa mwezi ujao, na akipata ya siku 9 atasema wazi kwamba mafundi wa Kiafrika ni waongo, hatasema kadi ya kontrakta ni fupi. Jina linaloharibika ni letu. Wa tatu, na huyu ana haki zaidi, husema: mimi nina watoto wanne na kadi 7, ninyi mnaniambia nikae saa mbili katika nyumba moja? Ndugu, hatukuambii hivyo. Mtu mmoja akifanya kazi kamili peke yake atapata barua ya onyo kama mwenzetu alivyopata. Ndiyo maana tunaandika katika karatasi ya chama, wala hatukwenda kunong'ona na karani.

Hata hivyo wako wenzetu wachache, tuseme kweli, ambao hata wakipewa saa tatu wataanza na mtungi. Hawakufundishwa, au walifundishwa wakaacha. Hao chama hakiwezi kuwatetea kwa kelele. Kinaweza kuwatafutia mafunzo. Mwenye daraja la 3 apewe nafasi ya kutembea na mwenye daraja la 1 kwa muda, kwa mshahara, mpaka ajue kusoma mashine. Elimu yetu wengi ni ya shule ya msingi ya misheni, na tulijifunza hesabu za kutosha kutoa 1,050 katika 1,410. Hakuna lililo gumu katika kazi hii kwa mtu aliyeonyeshwa.

Nalo jambo la kukatwa. Kuna kijana mmoja aliyetia gesi katika nyumba fulani mara moja, baada ya mwingine kutia kabla yake. Kompresa ikafa. Bei yake ilikatwa katika malipo yake miezi mitatu mfululizo, na mwezi wa pili alirudi nyumbani na kiasi kisichotosha kodi ya chumba. Hakuna aliyeifungua ile kompresa kujua kwa nini imekufa. Basi kila mwanachama asome Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 19. Tajiri anaruhusiwa kukata kiasi cha haki kwa mali iliyo mikononi mwake iliyoharibika au kupotea kwa sababu ya kukosa kwa makusudi kwa mfanya kazi. Neno ni makusudi. Fundi aliyetumwa na dakika 45, bila mizani, bila mashine ya kuvuta gesi, bila kadi ya fundi aliyemtangulia, makusudi yake yako wapi? Na kifungu hicho hicho kinasema makato yote pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 nayo inamtaka tajiri atoe vifaa vya kujikinga, na kumfanya mtu anunue mwenyewe mkanda wa kupandia ghorofa ya tatu si halali.

Kuna mtu wa ofisi aliyetuambia kwamba esi ni anasa ya matajiri, na chama kisijishughulishe nayo. Huyo hajui ilikotoka. Mwaka 1902, huko Brooklyn katika Marekani, Willis Carrier alibuni mashine ya namna hii kwa ajili ya karakana ya kuchapa, kwa sababu unyevu wa hewa ulikuwa ukivuta karatasi na rangi zikikosa mahali pake. Ilizaliwa kazini kwa shida ya kazi, na aliyeiunda aliipima hewa kwanza. Na leo, wagonjwa, wazee na watoto wachanga hulala chini ya mashine hizi, katika nyumba kubwa na katika vyumba vya kawaida vile vile.

Tunayotaka yaingizwe katika mazungumzo ya mapatano yajayo ni haya. Nyumba yenye lalamiko la kutopoza ihesabiwe kwa saa, wala si kwa kichwa, na kazi ya kusafisha tu ibaki na dakika zake. Kadi iwe na mahali pa kuandika volti, ampea, joto la hewa kuingia na kutoka, na gramu za gesi zilizotolewa au kutiwa, na kadi za zamani za mashine hiyo ziambatishwe, fundi wa pili asiingie gizani. Kila gari liwe na mizani na mtungi wa naitrojeni, na mashine za kuvuta gesi ziwe zaidi ya moja. Mtu asikatwe kwa nyumba iliyorudi mpaka mashine ipimwe mbele ya mjumbe wa wafanya kazi. Na ile barua ya onyo ya ndugu yetu iondolewe katika faili lake.

Wanachama wenye barua za namna hiyo, au waliokatwa kwa kompresa au bodi, wazilete kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi, pamoja na kadi za siku hiyo kama wanazo. Walio na kadi za zile nyumba zilizorudi mara tatu wazilete hata kama hawakukatwa, maana tunataka kuziweka mezani zote pamoja, tarehe kwa tarehe, siku tutakapokaa na tajiri.